Mbwa amemeza kitu: ile bili ya laki tisa inatoka wapi?

#1 (mleta mada)

Wakuu, poleni na majukumu.

Nakaa kaunta ya kliniki moja ya wanyama hapa Dar. Si daktari. Naandika bili na kupokea hela, kwa hiyo matusi yote ya bei yanaanzia kwangu kabla hayajamfikia mwenye kliniki. Kila baada ya sikukuu ni yale yale: mtu analeta mbwa anayetapika, siku ya tatu hiyo, anapasuliwa, linatoka gunzi la hindi au kijiti cha mshikaki, halafu mwenye mbwa anaikazia macho karatasi na kuniuliza, "Laki tisa kwa ajili ya gunzi?"

Haya, tuichambue hiyo laki tisa. Bili mojawapo ya karibuni, mbwa wa kilo thelathini na kitu, ilisomeka hivi: kumwona daktari 30,000, picha mbili za eksirei 120,000, vipimo vya damu 70,000, nusukaputi 100,000, upasuaji 350,000, dripu na dawa 160,000, kulazwa siku tatu 90,000. Jumla 920,000. Kliniki ya jirani watakutajia namba zao, juu au chini ya hapo, kwa hiyo msije mkaifanya bei elekezi.

Angalieni hapo, kisu chenyewe hakifiki hata nusu. Hela kubwa imekwenda kumfikisha mbwa mezani akiwa hai na kumtoa mezani akiwa hai. Mbwa aliyetapika siku tatu ameishiwa maji na chumvi za mwilini. Ukimpiga nusukaputi hivyo hivyo, moyo unaweza kugoma. Lazima dripu itangulie, na damu ipimwe ili daktari ajue anaanzia wapi. Akifungua tumbo akakuta utumbo bado mwekundu, anachana mahali padogo, anatoa kitu, anashona. Akikuta umekuwa mweusi, hapo kuna kipande cha kukatwa na ncha mbili za kuunganishwa. Kazi inakwenda mara mbili, nyuzi zinaongezeka, siku za kulazwa zinaongezeka, na uwezekano wa kumpoteza unapanda.

Sasa chukua mbwa mwingine kameza soksi, mama mwenye nyumba kamwona kwa macho yake, akampakia kwenye bajaji muda huo huo. Daktari anamchoma dawa ya kutapisha, baada ya dakika chache soksi iko sakafuni imejaa ute. Huyo hakufika hata laki. Soksi ile ile angeiacha ishuke kwenye utumbo mwembamba, ningemwandikia karatasi nyingine kabisa.

Ila kinachoniuma zaidi ni hela inayopotea kabla mtu hajafika kwetu. Huku kwetu mbwa akitapika watuhumiwa ni wengi: pavo (kirusi cha kutapisha na kuharisha), homa ya kupe, minyoo, sumu ya panya. Mtu anampigia simu bwana mifugo wa mtaani, anakuja nyumbani, anachoma antibiotiki, anatoa dawa ya minyoo, anamalizia na sindano ya kuzuia kutapika. Hiyo ya mwisho ndiyo inayotuponza. Mbwa anaacha kutapika, nyumba nzima inafurahi, na gunzi liko pale pale. Kesho kutwa amelala chali, bwana mifugo anaitwa tena, sindano zile zile. Ukijumlisha hizo ziara mbili, picha ya eksirei ilikuwa imeshalipika.

Kwa maoni yangu, kama mbwa ni mtu mzima, chanjo zake ziko sawa, jana alikuwa mzima na leo ghafla kila anachokula au kunywa kinarudi, basi hela yako ya kwanza iende kwenye picha. Dawa zitafuata.

Karibuni tujadili.

#2

Mkuu heshima kwako, ila laki tisa? Mbwa wa kienyeji mtaani kwetu unapewa bure na mama yake juu. Mimi namwachia Mungu, akipona kapona.

#3

#2 wewe mbwa wako hajakulindia kitu. Wangu analala mlangoni kwenye banda la kuku, na tangu awepo vicheche na vibaka wamehama njia. Mafunzo yake peke yake yalinigharimu zaidi ya hiyo laki tisa. Kila mtu apige hesabu kwa mbwa wake.

Mleta mada, swali: vitu gani mnavikuta sana humo tumboni?

#4 (mleta mada)

#3, gunzi ndilo bingwa. Watu wanakula mahindi ya kuchoma, wanamrushia mbwa gunzi lenye chumvi na ndimu, anakata vipande viwili na kumeza. Tumbo la mbwa haliwezi kulisaga. Linaweza kukaa tumboni wiki kadhaa bila shida, anakula na kucheza kama kawaida, halafu siku moja linateremka na kukwama kwenye utumbo mwembamba. Ndiyo maana mwenye mbwa anaapa kabisa kwamba "hajala mahindi siku nyingi".

Msimu wa maembe, kokwa. Mishikaki nayo: harufu ya nyama iko kwenye kijiti, kwa hiyo anakimeza chote, na hicho hakizibi njia, kinatoboa. Pedi na pampasi wanazichimbua kwenye pipa la taka, zikishafika ndani zinavimba. Rambo zilipigwa marufuku tangu Juni 2019, lakini vile vifuko laini vya nyama na samaki bado vinatufikia. Na nyuzi za viroba, ambazo madaktari wetu wanazichukia kuliko vyote. Nyuzi nitamwachia mtaalamu kama yupo humu.

#5

Niko Nairobi. Wangu ni rottweiler, alimeza kokwa ya embe mwezi wa pili. Kliniki ya kwanza walimpiga eksirei wakasema hawaoni kitu, wakatupa dawa za tumbo tukarudi nyumbani. Usiku alikuwa anainama, kifua chini makalio juu, anatetemeka. Asubuhi tukampeleka kwingine, wakafanya ultrasaundi, kokwa hiyo hapo, inaonekana hata kwa mimi ambaye sijasomea. Kwa jumla nililipa zaidi ya elfu arobaini za Kenya, na nusu walitaka kwa M-Pesa kabla hawajamgusa.

Malalamiko yangu ni hii picha ya kwanza. Nimelipia picha ambayo haikuona kitu. Si wangenirudishia?

#6 (daktari wa mifugo)

Nimeona nichangie kidogo.

Ndugu wa #5, eksirei inaonyesha vizuri mfupa, chuma, sarafu, jiwe. Kitambaa, plastiki, gunzi na kokwa mara nyingi havijitokezi vyenyewe. Tunachotafuta ni dalili zake: utumbo uliojaa gesi na kuvimba upande mmoja wakati upande wa pili ni mwembamba. Mapema dalili hizo zinaweza kuwa bado, kwa hiyo picha inarudiwa baada ya saa kadhaa, au inafanyika ultrasaundi, au mbwa ananyweshwa dawa nyeupe inayoonekana kwenye picha tuone inakwamia wapi. Hiyo dawa nyeupe hatumpi tukihisi utumbo umetoboka. Kwa hiyo picha ya kwanza ulistahili kuilipia. Ambacho hukustahili ni kurudishwa nyumbani bila kuambiwa umrudishe lini.

Kuhusu nyuzi. Mbwa, na zaidi paka, anameza uzi mrefu, kamba ya kiroba au utepe. Ncha moja inanasa chini ya ulimi au kwenye mlango wa kutokea tumboni, iliyobaki inasafiri. Utumbo unajitahidi kuusukuma, unajikusanya juu ya uzi kama pazia kwenye kamba yake, na uzi unakata ukuta wa ndani sehemu nyingi kwa mpigo. Ukiona uzi umening'inia mdomoni au nyuma, USIVUTE. Acha kama ulivyo uje nao. Upasuaji wa namna hii unaweza kuhitaji kufungua utumbo sehemu tatu au nne, na bei inapanda ipasavyo.

Tiba za nyumbani. Chumvi ya kutapisha: hapana. Mbwa akinywa chumvi nyingi inampanda kichwani, anadegedega, na nimeshapokea mbwa aliyekuja na vitu viwili vya kutibiwa, pea ya soksi na chumvi aliyonyweshwa. Mafuta ya kula "ili kiteleze": hayateleshi chochote kilichokwama, na akinyweshwa kwa nguvu yanaingia kwenye mapafu. Mkaa wa kusaga na maziwa ambayo watu huwapa mbwa waliokula sumu havina kazi kwenye gunzi. Kutapisha kwenyewe kuna masharti: si kwa kitu chenye ncha, si betri, si petroli, si mbwa aliyelegea.

Na si kila kilichomezwa kinahitaji kisu. Kitu kidogo, laini, mbwa anakula, anacheza na anapata choo: mara nyingi kitatoka chenyewe ndani ya siku chache. Chunguza kila choo. Akianza kutapika au kukataa chakula, muda wa kusubiri umeisha.

#7

Dokta shikamoo. Mbwa wangu tangu jana mdomo uko wazi, taya limeshuka, mate yanachuruzika, hawezi kumeza hata maji. Sauti imebadilika. Nadhani mfupa umekwama kooni. Kijana wa kazi alijaribu kuingiza mkono kuutoa hakuuona. Hiyo itanigharimu kiasi gani?

#8 (daktari wa mifugo)

#7 marahaba. Acha habari ya bei kwanza. Mtu yeyote asiingize tena mkono kwenye mdomo wa huyo mbwa.

Unaweza kuwa ni mfupa kweli. Lakini taya kushuka, mate, kushindwa kumeza na sauti kubadilika ndiyo sura ya kichaa cha mbwa cha aina ya kupooza. Watu wanangoja mbwa mkali anayeng'ata kila kitu, kumbe huyu mpole anayeonekana kama kakwamwa na mfupa ndiye anayewapata, kwa sababu wanamwonea huruma na kumwekea mkono mdomoni. Mate yake ndiyo yenye virusi.

Fanya hivi sasa: mfungie mahali asipoweza kumfikia mtu wala mnyama. Kijana na yeyote aliyeguswa na mate aoshe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu aende hospitali ya watu leo, awaeleze hivyo hivyo, aulizie chanjo. Hata kama hana jeraha analoliona. Mpigie daktari wa mifugo wa serikali wa wilaya yako aje, usimpakie mbwa kwenye gari. Mbwa alichanjwa lini?

#9

Hajawahi, dokta. Tumempata mkubwa. Kijana anaenda sasa hivi.

#10 (daktari wa mifugo)

Vizuri. Asikubali kurudi bila dozi ya kwanza, na tarehe zinazofuata asiruke hata moja. Kichaa kikishaonyesha dalili kwa binadamu hakuna tiba. Nipe majibu humu.

#11

Mods, #8 ingewekwa juu kabisa ya uzi.

Turudi kwenye bei. Niko Uingereza huu mwaka wa tisa, msifikiri huku ni nafuu. Spanieli wa jirani yangu alimeza soksi za mtoto, bili ikapita pauni elfu tatu. Bima ililipa nyingi, yeye akatoa ile sehemu ya mwanzo ambayo kila mwenye bima anaitoa mfukoni. Wasio na bima na wenye kipato kidogo wanakwenda PDSA, shirika la hisani la tangu 1917 linalotibu wanyama wa watu wa hali ya chini, lakini lazima utimize vigezo.

Kelele za bei ziko na huku. Mamlaka ya ushindani, CMA, ilianza kuichunguza sekta ya matabibu wa wanyama Septemba 2023. Moja ya mambo waliyoyaeleza ni kwamba mwaka 2013 makampuni makubwa yalikuwa na kama asilimia 10 ya kliniki, na miaka kumi baadaye yakawa na karibu 60. Unafikiri una kliniki tatu za kuchagua mtaani, kumbe tajiri ni mmoja.

#12

Marekani nako usiseme. Dola elfu mbili mpaka tano kwa kitu kilichokwama utumboni ni jambo la kawaida, na ukiangukia hospitali ya dharura usiku wa Jumamosi ongeza. Bima ipo ila inasoma tarehe: kuna muda wa kusubiri tangu ujiunge, na tatizo lililokuwepo kabla hawaligusi. Huwezi kukata bima mbwa akiwa anatapika.

Kitu kimoja nakisifia huku ni endoskopi. Kama kitu bado kiko tumboni hakijashuka, wanashusha bomba lenye kamera kupitia mdomoni, wanakivuta, jioni mbwa yuko nyumbani. Bongo ipo?

#13 (mleta mada)

#12 kwetu haipo, na sijaandika bili yake hata moja. Kwa wengi wetu ni dawa ya kutapisha au kisu, katikati hapana kitu.

Bima ya mbwa sijawahi kuona mteja anatoa kadi. Wanaofanya vizuri ni wale wenye akiba kwenye simu ambayo hawaigusi.

Nimeona wengine inboksi wanauliza wafanyeje wakifika kliniki na hela haitoshi. Semeni mapema. Mtu akiniambia mlangoni "nina laki tatu leo", daktari anapanga kutokana na hiyo: picha kwanza, damu ile ya lazima tu, dripu, halafu tuone. Mtu akinyamaza, mbwa akafanyiwa kila kitu, halafu akaanza kulia kaunta, hapo tunagombana. Omba makadirio kwa hatua, yaandikwe: mpaka picha ni kiasi gani, tukifungua na utumbo ukawa mzima ni kiasi gani, ukiwa umeoza ni kiasi gani. Kliniki inayokataa kukuandikia hayo, mimi binafsi ningeondoka.

Uliza pia anayepasua ni nani. Upasuaji ni kazi ya daktari aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari, siyo ya kila aliyevaa koti jeupe. Wanaokuja kupasulia uani kwa laki na nusu wapo, na siku ya nne tunapokea wagonjwa wao.

Walio karibu na Morogoro wana hospitali ya wanyama ya SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Wa Nairobi wana ile ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyoko Kabete. Ni hospitali za kufundishia, utakuta wanafunzi wamemzunguka mbwa wako, lakini walimu wao wapo.

#14

Kwa nini siku ya nne hasa?

#15 (daktari wa mifugo)

Kwa sababu mshono wa utumbo ukivuja, mara nyingi huvuja kati ya siku ya tatu na ya tano. Mbwa alikuwa anaendelea vizuri, ghafla anakataa chakula, homa, tumbo gumu. Uchafu umeingia kwenye nafasi ya tumbo, na wengi tunawapoteza hapo. Kwa hiyo mtu anapomtoa mbwa siku ya pili ili kuokoa elfu 30 ya kulazwa, mimi namwelewa, lakini amwangalie kama bado amelazwa: joto, hamu ya kula, kutapika. Chakula kidogo kidogo, laini, mara nyingi kwa siku. Hakuna mifupa. Na avae ile kola ya shingoni, maana wapo wanaozing'oa nyuzi kwa meno.

#16

Mimi niseme ambalo hamlisemi. Wangu alikuwa mzee, miaka kumi na mbili, utumbo umeoza, na hela ya kumpasua ilikuwa ada ya shule ya mtoto. Daktari alinieleza kwa utulivu kwamba hata akimpasua nafasi ni ndogo. Nikachagua sindano ya kumpumzisha. Hakuna aliyenihukumu pale kliniki. Humu naona watu wanaandika kana kwamba asiyelipa hana utu.

#17 (mleta mada)

#16 pole sana kaka. Hiyo nayo ni huduma, ina bei yake, na ni bora mara mia kuliko mbwa kufia kwenye kibanda siku tano anatapika kinyesi kwa sababu mwenyewe anaona aibu kusema hana hela. Nawaheshimu zaidi waliouliza habari ya sindano hiyo kuliko waliokata simu wasirudi.

#18

Wakuu samahani naingilia, ni sasa hivi. Mtoto wa mbwa ametafuna betri ya rimoti, moja nimeipata imepasuka, nyingine siioni. Anatoa mate meusi. Nimtapishe?

#19 (daktari wa mifugo)

USIMTAPISHE. Ile dawa ya betri inaunguza ikishuka na itaunguza tena ikirudi. Msafishe mdomo kwa maji mengi, kichwa kikiinamia chini ili asiyameze wala yasimwingie puani. Vaa glavu au mfuko mkononi. Usimpe chakula. Chukua ile betri iliyopasuka uje nayo, daktari aone aina na ukubwa. Betri ni chuma, kwenye eksirei itaonekana wazi kama ya pili imo ndani. Uko wapi?

#20

Tegeta.

#21 (mleta mada)

Angalia inboksi, nimekutumia namba ya walio karibu nawe wanaofungua mpaka saa nne usiku na wana eksirei. Wapigie ukiwa njiani, waambie "betri" kabla hujataja kitu kingine chochote, wataandaa chumba. Kuhusu hela nimeshaongea na wa kaunta, ni mwenzangu. Kumwona daktari na picha unalipa leo, mengine mtaelewana picha ikitoka.